Nijuze Maalim: ati ufunguo wa gazeti?

Wapendwa, mwezi uliopita niliteleza kidogo tu, niliandika "hii magazini yetu" pale ambapo siku zote huandika "jarida letu", na kumbe watu wanasoma jamani, mimi nilidhani mnafungua ukurasa wa mapishi na wa mapenzi alafu basi. Simu ikajaa meseji, na wengine wakaleta karatasi mkono kwa mkono hadi barazani hapa Malindi. Kwa hivo leo ukurasa wote ni wa neno hilo moja na jamaa zake. Aliyeuliza kuhusu majina ya samaki anisubiri mwezi ujao, sijamsahau.

*

Asalam aleikum maalim. Mimi ni mtunza nyumba huku Casuarina, kwa mama mmoja wa Kitaliano, mwaka wa sita sasa. Kitaliano changu ni cha kuokoteza, ciao, va bene, domani, ndo hivo. Siku yangu ya kwanza kazini mama alisimama mlangoni akanambia nimletee chiave del magazzino. Chiave nilikuwa nishajua ni ufunguo manake ndo neno la kwanza unafunzwa ukiajiriwa. Hiyo nyingine nikasikia magazine. Nikasimama pale najiuliza ufunguo wa gazeti jamani uko vipi, nikasema labda kuna gazeti la siri limefungiwa kabatini, basi nikaenda sebuleni nikakusanya magazeti yote ya picha yaliyokuwa chini ya meza, kama kumi na tano hivi, nikayabeba kwa mikono miwili na juu yake nikaweka funguo zote za nyumba ili achague mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe ataka ufunguo wa stoo, mule mnamowekwa mito ya viti vya nje na majembe. Sasa maalim, ndugu yangu ni askari, yeye aniambia magazine ni kile kikebe cha risasi kinachoingia kwenye bunduki na nyingine haijui. Gazeti, stoo, kikebe cha risasi, vyote neno moja? Nani alichanganya hapa, Muingereza au Mtaliano?
Mbeba Mito, Malindi

Waaleikum salam Mbeba Mito. Kwanza nimecheka, pole lakini nimecheka, hiyo ya funguo juu ya magazeti imeniua kabisa. Hakuna aliyechanganya. Na kati yenu watatu, wewe, mama na huyo ndugu yako askari, aliyeshika maana ya zamani zaidi ni mama, nyinyi wawili mmeshika matawi tu.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Khazana ni kuweka kitu mahali kikahifadhika, mahali penyewe paitwa makhzan, na yakiwa mengi ni makhazin. Sasa zile karne za kati wafanyabiashara wa Venezia na Genova na Pisa walikuwa wakivuka bahari yao kwenda Iskandaria na bandari za Shamu na za Afrika Kaskazini kutafuta pilipili na vitambaa, na ukishuka bandarini unakuta nini kama si maghala, mstari mzima wa maghala, na kila mpagazi na kila karani akisema makhazin, makhazin. Wakalibeba neno kama walivobeba pilipili. Tena waliubeba ule wingi wakaufanya umoja, magazzino, moja. Usiwacheke, sisi tumefanya hivohivo na soksi, manake kwa Muingereza hiyo "si" ya mwisho ndo alama ya wingi, lakini nenda nyumba yoyote asubuhi ya shule utasikia mtoto analia soksi yake moja imepotea. Na ile kh imegeuka g kwa sababu Mtaliano hana kh kooni, akachukua sauti ya jirani iliyo karibu.

Kutoka Italia likapanda Ufaransa likawa magasin, na miaka ya 1580 likaingia Kiingereza. Lilipoingia halikuwa gazeti hata kidogo. Lilikuwa ghala, ghala la bidhaa, basi. Alafu likaanza kuegemea upande wa wanajeshi, likawa ghala la silaha na hasa la baruti. Manowari ilikuwa na magazine yake chini tumboni, mbali na moto, na ngome vilevile, chumba chenye kuta nene ambacho mtu haingii na taa ovyo. Karne ya 19 bunduki zilipogeuka, zikawa zaweza kupiga mara nyingi bila kuzijaza risasi moja moja, pale risasi zinapongoja zamu yake pakataka jina, watu wakatazama wakaona hili si ni ghala tu, ghala dogo. Ndo kikebe cha ndugu yako hicho. Na Mwarabu leo akitaja kile kikebe naye hukiita makhzan.

Hata stepla mwanangu. Ile njia ya chuma ndani yake mnamopangwa pini, Kiingereza chake ni magazine. Mimi nimejua majuzi tu nilipofungua stepla mpya ya hapa ofisini, ndani ya boksi kuna kikaratasi kimeandikwa maagizo ya kujaza magazine, nikaigeuza ile karatasi mara mbili nikidhani wameniwekea maagizo ya bunduki kwa makosa. Alafu hiyo stepla yenyewe haikumaliza wiki.

Sasa tuje kwa gazeti, manake hapa ndo pana utamu. Miaka ya 1630 waandishi wa vitabu vya vita huko Uingereza walianza kuviita vitabu vyao magazine, kwa maana kwamba humu ndani nimekuwekea kila kitu, namna ya kupanga jeshi, namna ya kuzingira mji, ingia uchukue unachotaka. Ghala la maneno, yani. Lakini bado hakuna mtu aliyesikia magazine akafikiria gazeti la kila mwezi. Huyo aliyelifikisha hapo ni jamaa anaitwa Edward Cave, mtoto wa fundi viatu, mchapishaji wa London. Wakati huo magazeti London yalikuwa yamezidi, kwa hesabu ya Cave mwenyewe zilikuwa zachapwa nusu-karatasi zisizopungua 200 kwa mwezi kwa mji wa London peke yake, na nani ana macho ya kusoma yote hayo? Basi Januari 1731 akaanza kutoa kitabu kila mwezi, humo amekusanya yaliyo bora kutoka magazeti ya watu wengine, siasa, mashairi, bei za bidhaa, waliozaliwa, waliofariki, akaliita Gentleman's Magazine, ghala la muungwana. Kwenye ukurasa wa mbele akaweka picha ya lango la mawe la St John's pale alipokuwa na matbaa yake, mtaa wa Clerkenwell. Na hakutia jina lake kama mhariri, alijiita Sylvanus Urban, jina ambalo nusu ni msitu na nusu ni mji, ili watu wa shamba na watu wa mjini wote waone gazeti ni lao. Mjanja huyo, mimi nampenda.

Gazeti likauza, wengine wakaiga, wakaiga na jina. Samuel Johnson ambaye ujanani alikuwa akimwandikia Cave kupata mkate wake, alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliweka maana ya ghala mbele, ghala la silaha au la vyakula, alafu ndo akaongeza kwamba siku hizi neno hili pia huwa ni kijitabu cha mambo mchanganyiko, kwa sababu ya lile gazeti la Edward Cave. Siku hizi, aona? Miaka 24 imepita na bado yeye anaihesabu kuwa maana ngeni iliyokuja juzi.

Kwa hivo Muingereza ndiye aliyezidisha, kama wataka mtu wa kumlaumu. Ila na sisi wa Malindi tuna letu. Tumekaa na Kitaliano masikioni tangu miaka ya 1960, enzi za mradi wa San Marco kule Ngomeni, setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka yale majukwaa ya baharini ilikuwa mwaka 1967, na mpaka leo mtu anaambiwa magazzino anakwenda kukusanya magazeti. Mama yako msalimie sana.

*

Maalim nimesikitika mno. Sisi wa mui wa Amu twakuhesabu mwenzetu, umezaliwa huku, umesoma chuoni huku, alafu waandika magazini! Magazini ni neno la bunduki, twalisikia kwenye habari polisi wakikamata majambazi. Kiswahili kina jarida, neno letu safi la asili. Tafadhali usituharibie lugha.
Mwenye Uchungu, Langoni, Lamu

Ndugu yangu, kosa nakubali na mhariri naye ameshanisema. Hapa kwetu ni jarida, na nitaandika jarida. Lakini hiyo "neno letu safi la asili" hebu tuiangalie kidogo, bila kugombana.

Jarida ni la Kiarabu vilevile, limefika kwa jahazi kama tende. Na kabla halijawa gazeti lilikuwa kuti. Nasema kweli. Kwa Mwarabu jarid ni kuti la mtende lililopururwa majani likabaki ule upongoo mtupu, kijiti kirefu, na asili ya neno ni huko kupurura. Wewe wa Amu hilo hata sihitaji kukueleza sana, umewahi kuona mtu ameketi akipurura ukuti kufanya fagio la chelewa, lile jani linavochanika kwa sauti yake na kidole kinabaki na rangi ya kijani. Sasa mti huo ukiuparua upande mmoja ukawa laini, waweza kuandika juu yake, na watu wa zamani Arabuni waliandika. Kila mtoto wa chuoni ashasikia namna Zaid bin Thabit alivokusanya Qurani, kutoka vijiti vya mtende, na mawe bapa, na vifua vya watu waliohifadhi. Basi jarida likawa orodha, likawa daftari, na karatasi za habari zilipokuja likawa ndo jina lake. Unaposhika jarida kwa hivo umeshika kuti, nami nikiandika magazini nimeandika ghala, na sijui kama kuti lina haki ya kulicheka ghala.

Na gazeti ndo usiseme, hilo lilikuwa sarafu. Gazeta ilikuwa pesa ndogo ya Venezia, karne ya 16, na karatasi za habari zilizokuwa zauzwa kule zikaitwa kwa jina la hiyo sarafu kwa sababu ndo bei yake. Ni kama leo tuite kitu kizima "kumi kumi" kwa kuwa kilikuwa kikiuzwa shilingi kumi. Kutoka hapo Wafaransa, Waingereza, alafu sisi. Wengi mwaniuliza kama gazeti na magazine ni ndugu kwa vile zote zina "gaz" ndani yake, hapana, hiyo ni bahati tu ya masikio, moja ni senti na nyingine ni stoo.

Wazee wetu waliotangulia kuchapa wala hawakujisumbua na haya yote. Lile la wamishonari wa Kiungani, Unguja, mwaka 1888 liliitwa Msimulizi, na lile la serikali kule Dar es Salaam mwaka 1923 likaitwa Mambo Leo. Majina yamenyooka, mtu anasoma anajua kuna nini ndani. Mimi naona yalikuwa mazuri kushinda haya yote matatu tunayogombania.

*

Maalim mimi ni wa mashua, napeleka wageni Shela na Manda. Juzi Mfaransa mmoja akaniambia apita magasin kwanza. Nikampeleka mkunguni kwa muuza magazeti. Hakutaka. Akasema magasin, magasin, akifanya hivi na mikono kama mtu anayejisugua. Kumbe sabuni! Ataka duka!
Nahodha, Lamu

Nahodha, umeshasoma hapo juu kwa hivo sikuelezi tena. Kwa Mfaransa ghala liligeuka duka, manake duka nalo ni ghala ambalo mlango uko wazi. Alafu alipoona Muingereza ana gazeti la kuitwa magazine akalitaka na hilo, akalirudisha kwao kwa maana mpya, kwa hivo leo ana magasin la kununua sabuni na magazine la kusoma, na sikio la mgeni linapata tabu kutofautisha. Mrusi naye akikwambia magazin ni duka. Mhispania na Mreno wao waliokota neno pamoja na ile "al" ya mbele, wakawa na almacén na armazém. Wareno hao Vasco da Gama aliwafikisha hapa Malindi mwaka 1498, wakatuachia meza na leso na mvinyo na bendera, ila hilo la ghala hatukulichukua.

Siku nyingine Mfaransa akisema magasin mpeleke usita wa mui, ile njia kuu ya mjini, duka lolote, hutakosea.

*

Shikamoo maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Malindi. Mwalimu wetu alisema hazina ni kitu cha thamani kilichofichwa. Mimi nikauliza kama hazina na huzuni ni neno moja kwa sababu herufi ni zilezile h, z, n, darasa zima likanicheka na mwalimu akasema nikae. Nilikosea?
Aliyechekwa

Marahaba binti yangu. Hukukosea kuuliza, na wale waliocheka nina hakika hawajui jibu, wamecheka kwa kuwa wengine wamecheka. Swali lako ni zuri kuliko mengi yaliyoletwa na watu wazima mwezi huu.

Hazina na huzuni si ndugu. Kwa Kiswahili zote twaziandika h, lakini zilipotoka zilikuwa h mbili mbalimbali. Hazina ilianza na ile kh ya kukwaruza kooni, khazina, na huzuni ilianza na h ya pumzi nzito ya kooni, isiyokwaruza. Sisi tulipozipokea tukazifanya moja, kwa vile wengi wetu kh haituingii mdomoni. Lakini nenda kaketi na mzee wa Lamu, au hata hapa Malindi mtaa wa Shella, msikilize akikuuliza khabari yako, akikutakia kheri, akikuonya juu ya khatari, hiyo kh bado iko. Bibi yangu hakuwahi kusema hazina, daima ilikuwa khazina.

Na yake naikumbuka. Alikuwa na kasha la mbao nyeusi limepigwa misumari ya shaba kwa mistari, chumba cha ndani kabisa, kwenye ukuta wenye zidaka, na ukilifungua kifuniko chake kilikuwa na mlio wa kulalamika ambao nyumba nzima ilijua, kwa hivo hakuna aliyeweza kulifungua kwa siri. Harufu ilikuwa ya udi na ya nguo za zamani. Upande wa kushoto palikuwa na kisanduku kidogo ndani ya kasha, kina kifuniko chake, na chini ya hicho kisanduku kuna ubao mmoja ukiusukuma hivi unatoka, na hapo ndipo alipoweka bangili zake mbili na hati ya shamba na kikaratasi cha deni la mtu aliyekuwa amekufa zamani. Hiyo ndo aliyoiita khazina. Mimi kwa umri huo niliona bangili tu, lakini yeye akipanguza kitu alikuwa akikipanguza kile kikaratasi.

Sasa utashangaa, hiyo hazina ya bibi yangu ndiyo ndugu wa damu wa magazine. Kh, z, n, ni herufi zilezile tatu za khazana. Kwa hivo na mhazini wa chama chenu, na Hazina ya Kitaifa kule Nairobi inapolia kila mwaka kwamba haina pesa, na stoo ya mito ya viti kule Casuarina, na kikebe cha risasi, hao wote ukoo mmoja. Kule Moroko watu wakisema Makhzen wanakusudia serikali yenyewe, mfalme na watu wake, kwa sababu zamani serikali ndo ilikuwa lile ghala ambalo kodi zako zinaingia. Kamwambie mwalimu wako hayo, lakini kwa adabu, na usimwambie mbele ya darasa.

*

Maalim wewe umesema Waarabu wameweka neno kwenye bunduki, sasa na sisi watu wa Arsenal je? Kuna jamaa hapa kwa kinyozi asema Arsenal ni Kiarabu. Tumewekeana soda.
Gunner, Maweni

Lipa soda kijana.

Arsenal imetoka kwa dar as-sina'a. Dar ni nyumba, hiyo hata mtoto ajua kwa Dar es Salaam. Sina'a ni kazi ya mikono, ufundi, na jamaa yake kwetu ni sanaa, ndo ikatoka msanii. Kwa hivo maana yake nyumba ya mafundi, karakana, hasa ya kuunda meli. Watu wa Venezia, haohao tena, walilichukua wakaliweka kwa ile karakana yao kubwa ya manowari, na polepole likageuka kuwa mahali pa kutengeneza na kuweka silaha. Timu yako ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali pale Woolwich, London, ndo jina na ndo mzinga ulioko kifuani kwa jezi. Na ndani ya arsenal lazima pawe na magazine ya baruti, kwa hivo maneno haya mawili ya Kiarabu yalikuwa yakiishi nyumba moja Uingereza na hakuna aliyewajua ni watu wa pwani.

Habari za ligi usiniulize, kila mtu na mizigo yake.

*

Maalim, kuna fowadi inazunguka kwenye makundi ya wasap, yasema magazine imetokana na Kiswahili "maghasia", kwa sababu zamani magazeti yalikuwa yamejaa ghasia, na kwamba Wazungu walilisikia hapa Malindi wakaenda nalo. Imeandikwa "tuma kwa watu 20". Ni kweli? Nishatuma kwa 11.
Msambazaji, Watamu

Si kweli, waombe radhi hao 11.

Mwenye kuandika hizi huwa anachukua maneno mawili yanayofanana sauti alafu anatunga hadithi katikati, na ikiwa hadithi inatusifu sisi basi vidole haviulizi tena, vinatuma. Mimi njia yangu ni moja, huuliza neno lilikuwa wapi mwaka gani. Neno hili kwa maana ya ghala lilikuwa limeshaandikwa Italia na Ufaransa zamani kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga Malindi, na lilipokuwa ghala hakuna aliyelisoma, kwa hivo hiyo ghasia ya magazeti ingekuwa ya magazeti gani? Tena kuna maneno ya kweli ambayo yametoka kwetu yakaenda kwa Muingereza na hayahitaji kusaidiwa, safari ni moja, ashalizoea mpaka alidhani lake. Na yako ambayo mimi na yeye tumeyapata kwa mtu mmoja tukayatumia mbalimbali, kama hii taarifa yetu, Mwarabu akiwa ni ta'rif, kujulisha, kule Italia ikawa tariffa, karatasi ya kumjulisha mfanyabiashara atalipa ushuru kiasi gani, na Muingereza ndo akapata ile tariff ambayo kila ukinunua tokeni za stima inakukata bila taarifa yoyote.

Hiyo ya tokeni msinitumie barua, najua.

Na huyu Msambazaji nimembania ukurasa kidogo kwa sababu barua yake ilikuwa na kurasa nne na stepla imekufa, nimezishona kwa uzi.